Sikio la Fundi Lilisomeshwa na Uhaba

Gari likianza kugonga miguu, yaani mfumo wa springi na shokapu, fundi ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kukitafuta kinachogonga mpaka akipate, kisha akibadilishe hicho peke yake. Ya pili ni kuchukua kipande cha karatasi na kuorodhesha: shokapu mbili, boljointi mbili, linki za stabilaiza, bushi zote za mbele, halafu kumtuma mwenye gari duka la spea. Orodha hiyo mara nyingi hufanikiwa, kwa kuwa ukibadilisha kila kitu huwezi kukikosa kibovu. Ndiyo njia iliyozoeleka leo katika gereji nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, na maelezo yanayotolewa kuihusu ni yale ya siku zote: mafundi wa zamani walikuwa mafundi kweli, vijana wa leo hawana subira. Historia ya kazi yenyewe haiungi mkono maelezo hayo. Uwezo wa kusikia mlio na kukitaja kifaa haukuletwa na tabia njema ya kizazi fulani. Uliletwa na uhaba: barabara zilizovunja magari kwa kasi kuliko spea zilivyoingia bandarini, na uchumi uliomlazimu fundi ajue kwa hakika nini kimekufa kabla hajalegeza nati hata moja. Uhaba ulipoondoka, ujuzi huo ulipoteza mlipaji wake.

Tuutazame kwanza ujuzi wenyewe, maana wengi huudhani kuwa ni kipaji au kubahatisha. Kelele za miguuni zina utaratibu wake. Linki ya stabilaiza iliyolegea hugonga kwa wepesi na kwa kufuatana, ko-ko-ko, gari likitembea polepole kwenye mashimo madogo. Lakini gari hilohilo likipanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, mlio hukoma. Sababu ni kwamba chuma cha stabilaiza hujisokota pale tu gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Yakipanda pamoja hakina cha kukipinga, na linki haibebi mzigo. Basi fundi anayeelewa humwambia dereva apite tuta akiwa amenyooka, kisha alipande tena kwa gurudumu moja, na orodha imeshapungua kabla jeki haijaguswa. Bushi ya mkono wa chini iliyochanika hutoa pigo moja zito wakati wa kufunga breki au kuondoka, kwa kuwa hapo ndipo mkono unaposukumwa mbele na nyuma. Boljointi iliyoishiwa grisi hulia kwi-kwi usukani unapokatwa. Beringi hunguruma, na ngurumo yake hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Shokapu iliyomwaga oili mara nyingi haigongi kabisa. Huliacha gari likinesa baada ya shimo kupita. Baada ya sikio huja mkono. Gurudumu likiwa limeinuliwa, hushikwa juu na chini likatikiswa, na mchezo wowote huelekeza kwenye boljointi au beringi. Hushikwa kushoto na kulia, na mchezo huelekeza kwenye tairodi. Mtarimbo hupenyezwa kati ya mkono na chesisi ili kuipima bushi. Fundi huweka kiganja juu ya springi huku mwenzake akizungusha usukani, kwa sababu chuma cha bodi husafirisha sauti na kuifanya isikike mahali ambapo haikuanzia, lakini vidole huona mtikisiko pale pale ulipo.

Utaratibu huu haukuwapo tangu mwanzo, kwani magari ya mwanzo hayakuuhitaji kwa kiwango hicho. Malori yaliyoenea Afrika Mashariki kati ya vita kuu mbili, na baadaye Bedford na Land Rover, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1948, yalisimama juu ya springi za leaf: mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakafungwa kwenye eksili kwa bolti zenye umbo la U, na kuning'inizwa kwenye chesisi kwa pini. Karibu kila kiungo kilionekana kwa macho, na nyingi ya pini hizo zilipakwa grisi kwa pampu. Bamba likikatika, unaliona. Bolti ikilegea, huacha mng'ao wa chuma kilichosuguliwa katikati ya vumbi. Waliojifunza kazi hiyo walipitia milango mitatu. Mmoja ulikuwa gereji za Wahindi mijini, ambako kijana Mwafrika aliingia kama spana boi na kupanda taratibu. Wa pili ulikuwa jeshi, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo kikosi cha usafirishaji cha Afrika Mashariki na kile cha wahandisi wa umeme na mitambo viliwafundisha Waafrika wengi udereva na ufundi. Wa tatu ulikuwa utingo, kwa maana lori likiharibika porini hapakuwa na gereji isipokuwa dereva na msaidizi wake. Katika milango yote mitatu mtu alijifunza kwa kutumwa, kutazama na kushika, na katika mashine iliyo wazi namna ile, hayo yalitosha kwa sehemu kubwa.

Shule kubwa zaidi ya miguu ya gari ilifunguliwa na siasa. Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alijitangazia uhuru wa nchi hiyo, na Zambia, iliyotegemea reli za kusini zilizopita Rhodesia, ikahitaji njia nyingine ya kuingiza mafuta na kutoa shaba. Njia mojawapo iliyokuwapo ilikuwa barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, sehemu kubwa ikiwa ya vumbi na matope. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya pamoja ya malori ya Zambia na Tanzania, na mamia ya malori yakaanza kupishana katika barabara iliyopewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Lakini katika miaka ile ya katikati, mzigo mkubwa wa nchi nzima isiyo na bandari ulikaa juu ya springi za leaf. Springi ikikatika kwenye mlima wa Kitonga, katika barabara hiyo, ni afadhali sana ijulikane imeanza kulia kabla ya kupanda kuliko baada ya kukwama kwenye kona. Hapo kusikiliza kukawa kazi ya kuzuia: mlio ulisomwa kama onyo la kesho, na dereva asiyejua kuusoma alilala porini na mzigo wake.

Wakati huohuo mashine yenyewe ilikuwa inabadilika na kujificha. Mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson alikuwa amebuni muundo unaounganisha shokapu na springi ya mviringo kuwa mguu mmoja uliosimama wima, na Ford ya Uingereza ikauonyesha mwaka 1950 katika magari yake ya Consul na Zephyr. Muundo huo ni mwepesi, nafuu na hauchukui nafasi, na ndiyo maana leo uko mbele ya sehemu kubwa ya magari madogo duniani. Peugeot 404 na 504, magari yaliyopendwa mno Kenya na Tanzania, yaliutumia mbele. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaliwapa watengenezaji uwanja wa kuyajaribu magari hayo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Kwa fundi wa kawaida, hata hivyo, mguu wa MacPherson ulileta tatizo jipya. Pini za grisi zilipungua, mahali pake pakachukuliwa na mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili. Mpira hauonyeshi mng'ao ukilegea. Huchanikia ndani, na kwa nje unaonekana mzima. Kichwa cha mguu hufungwa juu, chini ya boneti, kwa mpira mwingine na beringi ndogo, na kikichakaa hugonga kana kwamba kelele inatoka kwenye dashibodi. Jicho lililotosha kwa Bedford halikutosha hapa, na sikio likapandishwa cheo.

Kisha ikaja miaka ya njaa ya spea. Nchini Tanzania, bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda ikala fedha za 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda tena. Uagizaji wa magari na vipuri ulikuwa mikononi mwa Shirika la Magari la taifa, na shirika lilitegemea mgawo wa fedha za kigeni ambazo hazikuwapo. Uganda ilikuwa na msiba wake: mwaka 1972 Amin aliwafukuza Waasia, na pamoja nao wakaondoka wenye maduka mengi ya vipuri na gereji nyingi, hata mafundi wa Katwe jijini Kampala wakabaki kuwa tegemeo. Katika hali hiyo boljointi ya Peugeot ikawa mali. Bushi zilichongwa kutoka kwenye matairi ya malori, springi zilizokatika zilikwenda kwa wahunzi zikawa visu na mapanga, na springi nzima ya gari lililokufa ilihamia kwenye gari lililo hai. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, amewaandika mafundi wa Tanzania kama watu waliotengeneza teknolojia na maarifa ya magari, wala si wapokeaji wa mashine za wengine tu. Katika suala la miguu ya gari hilo ni kweli kabisa, na tunaweza kusema kwa nini.

Sababu iko kwenye hesabu. Kama boljointi mpya inapatikana kwa kusubiri miezi, au kwa bei ya mshahara wa mwezi kwa mlango wa nyuma, hakuna mwenye gari anayeweza kununua nne ili moja iwe ndiyo yenyewe. Kosa la utambuzi lilikuwa ghali kuliko kazi yote ya kufungua na kufunga. Kwa upande mwingine, muda wa fundi ulikuwa rahisi. Asubuhi nzima ya kutikisa magurudumu, kufungua linki na kulijaribu gari bila hiyo, kulirudisha barabarani na kusikiliza tena, ilikuwa gharama ndogo kuliko kipuri kimoja kilichopotea bure. Palipo na kifaa ghali na muda rahisi, utambuzi hustawi. Zaidi ya hapo, kuchonga bushi kutoka kwenye tairi kulimfundisha fundi kazi ya bushi. Ukiikata kubwa mno, gari linakuwa gumu na chuma kinakula mahali pengine. Ukiikata ndogo, kelele inarudi wiki hiyohiyo. Aliyewahi kukichonga kifaa kwa mkono wake anajua kinavyolia kikichoka.

Mabadiliko yalianza kabla watu hawajayaita mageuzi. Katika bajeti ya Juni 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizitoa wapi. Kenya ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Uganda kadhalika. Mlango huo ulikutana na mlango mwingine huko Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili kwa gharama inayowasukuma wengi kuliuza. Magari hayo yana usukani kulia, kama yetu. Yakaja kwa meli, mengine kupitia Dubai, na nyuma yake zikaja spea: za asili, za kuigwa, na zilizotumika. Gari la miaka kumi lililotembea kwenye lami ya Japani hufika Dar es Salaam likiwa kimya, ila mpira wake umeshazeeka, kwa sababu mpira huchakazwa na umri na joto hata gari likiwa limesimama. Miezi michache ya matuta, rasta na mashimo humaliza kilichobaki. Toyota Mark II ya GX100, yenye mikono ya juu na chini kila gurudumu mbele na nyuma, inaweza kuwa na bushi nyingi zinazochoka kwa wakati mmoja. Hapo hesabu ya zamani ikageuka juu chini: bushi ya kuigwa ikawa rahisi kuliko saa mbili za kuitafuta mbovu. Tena fundi akagundua kwamba duka la spea linampa cha juu kwa kila kifaa, wakati kwa kusikiliza hapewi kitu.

Orodha ndefu ina madhara yake, na hayaonekani siku ya kwanza. Bushi mpya hukazwa gari likiwa bado kwenye jeki, mkono ukining'inia chini. Gari likishushwa, mkono hupanda mahali pake pa kawaida, na mpira ulioshikwa katika hali ya kuning'inia hubaki umejisokota maisha yake yote. Baada ya muda mfupi huchanika, na mteja hurudi na kelele ileile akilaumu spea ya kuigwa. Utaratibu sahihi ni kuzikaza bolti hizo uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Ni jambo dogo, lakini ni la mtu anayefikiri bushi inafanya nini, na kufikiri huko ndiko kulikofundishwa na miaka ya kuchonga matairi. Anayebadilisha kwa orodha hana sababu ya kufikiri hivyo, kwa kuwa akikosea, orodha itaandikwa upya.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya ni kuusifia umaskini. Ile bushi ya tairi, atasema, iliua watu, na boljointi iliyofufuliwa mara tatu ilichomoka njiani, gurudumu likalala na gari likapinduka. Pingamizi hilo ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa hadithi za ushujaa. Uhaba ulifundisha mambo mawili kwa pamoja: kutambua vizuri na kuponya vibaya. Fundi alijua hasa kilichokufa, kisha akalazimika kukirudishia uhai kisichostahili. Hoja ya makala haya inahusu nusu ya kwanza. Aliyepata wingi alipaswa kuchukua utambuzi wa jana na kipuri cha leo. Kilichotokea ni kwamba kipuri kilikuja na utambuzi ukaachwa.

Pingamizi la pili linatoka Kenya. Nchi hiyo ilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa tangu miaka ya 1970, haikukauka spea kama Tanzania, na bado eneo la Grogan jijini Nairobi, kando ya barabara ya Kirinyaga, lilitoa mafundi mahodari. Je, huo si ushahidi kwamba uhaba si chanzo? Lakini uhaba una makao mawili: rafuni na mfukoni. Kipuri kilichopo dukani kwa bei isiyofikika ni sawa na kisichokuwapo kwa mwenye matatu ya mtaji mdogo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira Kenya ilionyesha kwamba wafanyakazi wa sekta isiyo rasmi walizalisha kwa ufanisi kwa mtaji kidogo sana, huku wakisumbuliwa na mamlaka. Na Grogan ilikuwa, kama ilivyo sasa, soko la vipuri vilivyotolewa kwenye magari mengine. Kununua boljointi iliyotumika ni utambuzi ndani ya utambuzi: lazima uichezeshe kiganjani, uhisi kama inakaza sawasawa pande zote au inateleza katikati. Kwa hiyo Kenya inaithibitisha hoja kwa njia nyingine.

La tatu ni kwamba teknolojia imeshalimaliza tatizo: siku hizi fundi huchomeka mashine ya uchunguzi, nayo husema ugonjwa. Kwa injini, breki za kielektroniki na mifuko ya hewa, ni kweli kiasi. Kwa miguu ya gari la kawaida, si kweli. Bushi haina waya. Boljointi haina sensa. Mashine itaonyesha kwamba kila kitu ni salama huku gurudumu likicheza, na hapo fundi aliyezoea kusomewa na skrini hubaki bila lugha. Kwa hiyo kelele ya miguuni ni kipimo kizuri cha hali ya ufundi kwa jumla, kwa sababu ni moja ya maeneo machache ambamo hakuna kifaa kinachofikiri kwa niaba ya mtu.

Kama chanzo kilikuwa hesabu, dawa nayo itakuwa hesabu. Kuwahubiria vijana wa gereji wawe na subira ni kuwaomba wafanye bure kazi ambayo wazee wao walilipwa kwayo, ingawa malipo hayo yalijificha ndani ya thamani ya kipuri kilichookolewa. Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kufundisha mtihani wa tuta na mtarimbo kwa siku chache. Kinachokosekana ni mteja anayekubali kulipia jibu kabla ya kulipia kifaa. Mwenye gari anayelipa ada ya uchunguzi, akataka aonyeshwe mchezo kwa macho yake gurudumu likiwa juu, na akamlipa fundi kiasi kilekile hata kama kibovu kimegundulika kuwa ni linki ya bei ndogo, anairudisha ile hesabu ya zamani bila kuirudisha njaa yake. Akiendelea kulipa kwa wingi wa spea zilizofungwa, atapata kile anachokilipia, yaani spea nyingi zilizofungwa.